UZI: Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyefilisika ambaye malalamiko yake ya Unguja yalizaa mkataba wa Sayyid Said na Marekani

Wakuu wa jukwaa la historia, salaam.

Kila tunapouzungumzia mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani, huwa tunauzungumzia kana kwamba ulitungwa Washington mezani kwa Rais Andrew Jackson, kisha ukasafirishwa kuletwa kwetu. Nimekaa na habari za mtu aliyeuandika mkataba ule kwa mkono wake, na ninaamini kwa dhati kwamba tumeianza hadithi hii mahali pasipo pake. Mbegu yake ilipandwa forodhani Unguja, miaka mitano kabla, na aliyeipanda hakuwa mwanadiplomasia wa aina yoyote. Alikuwa mchuuzi wa baharini aliyekwishapoteza mali yake, ambaye bidhaa zake zilikuwa zimechukuliwa na malipo yake yakawa yanasuasua.

Edmund Roberts alizaliwa tarehe 29 Juni 1784 huko Portsmouth, mji wa bandari katika jimbo la New Hampshire. Wazazi wake walifariki akiwa bado kijana, akaenda kulelewa kibiashara na ami yake, nahodha aliyekuwa na makazi Buenos Aires, na ami huyo alipofariki Roberts akarithi mali nyingi. Akarudi kwao, akamwoa Catherine Langdon, binti wa jaji wa familia yenye jina kubwa mjini pale, wakajaliwa watoto 11. Kwa muda alihesabiwa miongoni mwa matajiri wa Portsmouth. Lakini ile ilikuwa zama ya vita vya Napoleon na machafuko ya Amerika ya Kusini, na merikebu iliyobeba bendera isiyopigana haikuwa salama kwa yeyote. Vyombo vyake vilikamatwa kimoja baada ya kingine na manowari na maharamia wenye vibali vya Ufaransa na Hispania, na alipofikia umri wa miaka arobaini na kidogo, ule urithi ulikuwa umekwisha.

Ndipo mwaka 1827 alipokodi merikebu iitwayo Mary Ann, akaijaza bidhaa, akaelekea Bahari ya Hindi. Alifika Unguja mwaka huohuo.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Unguja ya mwaka 1827 haikuwa bado makao makuu ya dola. Ilikuwa kisiwa cha karafuu changa, pembe za ndovu, sandarusi na watumwa, kikisimamiwa na maofisa wa Sayyid Said ambaye mwenyewe alikuwa Maskati. Mgeni hakuweza kushusha mali na kumwuzia amtakaye. Biashara kubwa ilipitia mikononi mwa watu wa serikali, wao wakipanga bei, wao wakipanga siku ya kulipa. Roberts alijikuta ameuza kwa mkopo bila kupenda, kisha akakaa akisubiri wiki baada ya wiki, huku merikebu ya kukodi ikimla gharama. Alilalamika pia kwamba Waingereza walitendewa vizuri zaidi kuliko Wamarekani.

Mwanzoni mwa mwaka 1828 Sayyid Said akatia nanga Unguja kwa mara yake ya kwanza, akitokea kwenye ugomvi wake na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Roberts hakumtuma mtu. Alikwenda yeye mwenyewe, akaeleza yaliyompata. Mtawala mwingine angemfukuza. Said alimsikiliza, akamwambia kwamba anataka Wamarekani waje kwa wingi bandarini kwake, na akaulizia hata kama angeweza kupata kutoka Marekani makombora ya mizinga ya kuwatolea Wareno katika pwani ya Msumbiji. Roberts alielewa papo hapo kwamba mbele yake amekaa mtawala anayetafuta mshirika asiye Mwingereza.

Aliporejea nyumbani alimwandikia Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake, akieleza kwamba Marekani ikifanya mkataba na mtawala huyu itapata njia katika bandari zote kutoka Ghuba ya Uajemi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Barua ingeweza kulala kwenye faili mpaka leo. Kilichoiamsha ni mambo mawili: mwaka 1831 merikebu ya Kimarekani kutoka bandari ya Salem, iitwayo Friendship, ilishambuliwa huko Kuala Batu, Sumatra, na mabaharia wakauawa, na mwaka huohuo Woodbury akateuliwa kuwa waziri wa jeshi la majini. Januari 1832 Jackson akamteua Roberts kuwa mjumbe wake wa siri kwa Vietnam, Siam (Thailand ya leo) na Maskati.

Wa siri kweli. Alipopanda manowari ya Marekani Peacock, iliyoongozwa na David Geisinger, aliandikishwa kuwa karani wa nahodha, ili mataifa yaliyokwisha kujikita Asia yasije yakamwekea vizuizi njiani. Mtu aliyebeba barua za Rais kwa wafalme watatu akawa na cheo cha kumpa nafasi ndogo na heshima ndogo ndani ya chombo chenyewe.

SEHEMU YA PILI: VIETNAM NA SIAM

Samahani kwa kuchelewa kuendelea, wakuu. Sehemu hii nitaipitisha haraka, ila haiwezi kurukwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini yaliyotokea Maskati baadaye yalikuwa ya pekee.

Mwanzoni mwa Januari 1833 Peacock ilitia nanga Vung Lam katika pwani ya Vietnam, iliyoitwa na Wazungu Cochin-China. Maofisa wa Mfalme Minh Mang walikuja na maswali, wakarudi, wakaja tena, na hoja yao kuu ilikuwa lugha ya barua ya Rais. Walitaka Jackson amwandikie mfalme wao kwa maneno ya mtu aliye chini: ama anangoja kwa kicho na kimya, ama ameinua mikono yake juu. Roberts alikataa kuongeza hata neno moja. Walipodai aorodheshe vyeo vyake vyote, kwa sababu mjumbe asiye na vyeo hafikishwi kwa mfalme, alianza kuwatajia jina lake, mji wake, jimbo lake, kisha wilaya zote za New Hampshire moja baada ya nyingine, Rockingham, Hillsborough, Cheshire, mpaka mwandishi akachoka na ukurasa ukajaa. Baada ya mwezi mzima wa namna hiyo, Peacock ikang'oa nanga mikono mitupu.

Bangkok mambo yalikwenda vyema. Tarehe 20 Machi 1833 alisaini mkataba na serikali ya Mfalme Rama wa Tatu, nao ndio mkataba wa kwanza wa Marekani na dola ya Asia. Hata hivyo ulikuwa mkataba wenye kamba nyingi: merikebu iliyoleta bidhaa ililipa tikali 1,700, fedha ya Siam, kwa kila pima ya upana wake, na konsuli wa Marekani hakupewa nafasi ila kwa masharti.

SEHEMU YA TATU: MASKATI, SEPTEMBA 1833

Peacock iliingia Maskati tarehe 18 Septemba 1833. Mkataba ukasainiwa tarehe 21. Siku tatu, wakuu! Vietnam alitumia mwezi mmoja akaondoka bila kufikishwa kwa mfalme, na Maskati alimaliza kazi kwa siku tatu, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamekwisha kufanyika Unguja mwaka 1828 na wote wawili walikuwa wanakumbuka waliyokubaliana.

Ulikuwa na vifungu tisa, kwa Kiarabu na Kiingereza. Wamarekani waliruhusiwa kuingia katika bandari zote za Sayyid Said na kumwuzia na kununua kwa yeyote wamtakaye, bila ofisa kupanga bei. Na hapo ndipo unapoisikia sauti ya mtu wa Mary Ann aliyewahi kuuziwa mali yake na wengine. Ushuru ulikuwa asilimia tano ya mzigo ulioshushwa, basi, bila ada nyingine za bandari wala za rubani. Bunduki na baruti peke yake ziliwekewa mpaka: katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe kwa mtu yeyote ila serikali. Na Marekani ilipewa haki ya kuweka makonsuli, ambao ndio wangeamua magomvi baina ya raia wao.

Lakini kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni cha tano. Roberts alikuja na rasimu inayosema kwamba mabaharia wa Marekani wakivunjikiwa na chombo katika pwani za Sultani, gharama za kuwatunza zitarudishwa na serikali ya Marekani. Said alikikataa. Akasema hilo haliendani na mila za Waarabu, kwamba mtu aliyefikwa na msiba baharini ni mgeni, na mgeni hadaiwi chakula chake. Kifungu kikaandikwa upya: watatunzwa na kukirimiwa kwa gharama ya Sultani mpaka wapate njia ya kurudi kwao, na Sultani hapokei malipo yoyote kwa hilo. Miaka miwili baadaye maneno hayo yalikuja kupimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitegemea, nami nitafika huko.

Mdau mmoja ameuliza: *Mkuu, nashukuru kwa uzi. Lakini kwa nini Sayyid Said akubali ushuru mdogo hivyo? Na tukumbuke kwamba watu wa Salem walikuwa wanafanya biashara Unguja kabla ya mkataba. Je, Roberts alileta kitu kipya kweli?*

Mkuu, swali lako ni la haki, na sehemu ya pili uko sahihi kabisa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wamekwisha kuijua Unguja katika miaka ya 1820. Hesabu iliyochukuliwa wakati ule inaonyesha kwamba kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 vyombo 41 vya kigeni viliingia Unguja, na 32 kati ya hivyo vilikuwa vya Marekani. Mkataba uliridhiwa na Seneti ya Marekani mwezi Juni 1834, kwa hiyo biashara yote hiyo ilifanyika kabla haujaanza kufanya kazi. Roberts hakuianzisha biashara. Aliipa sheria, akaipa njia ya konsuli, na akaiondoa mikononi mwa watu wa forodha, walau kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu Jairam Shivji, aliyeshika forodha ya Unguja kwa kukodi kutoka kwa Sultani, aliendelea kuwa mtu ambaye hakuna mzigo uliopita bila yeye kujua, na Richard Waters wa Salem, konsuli wa kwanza aliyefika mwezi Machi 1837, aliona faida kubwa zaidi katika kushirikiana naye kuliko kushindana naye.

Kuhusu ushuru: Said alikuwa na moyo wa mfanyabiashara, na alipendelea kidogo kutoka merikebu nyingi kuliko kingi kutoka merikebu chache. Alikuwa pia amezungukwa na Waingereza wa India, akawa anataka rafiki ambaye hana manowari zinazozunguka Ghuba kila siku. Kwa wakati wake hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Kwa waliomfuata ilikuwa mzigo, na hili halisemwi vya kutosha. Waingereza walipofanya mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, walishika ileile asilimia tano, na kutoka hapo masultani wa Zanzibar wakawa hawawezi kupandisha ushuru wa bidhaa ziingiazo bila ridhaa ya mataifa hayo. Serikali iliyotegemea forodha ilifungwa mkono na maneno yaliyoandikwa kwa siku tatu Maskati.

Mdau mwingine ameandika: *Na vipi kuhusu watumwa? Mkataba ulisema chochote?*

Hapana, haukusema neno. Roberts alitoka katika nchi yenye watumwa akaja kufanya mkataba na mtawala mwenye mashamba ya watumwa, na hakuna upande uliokuwa na sababu ya kuliinua suala hilo. Ningependa wasomaji wetu waishike picha nzima. Ile nguo ya merekani, nyeupe isiyotiwa dawa, ambayo bibi zetu waliijua kwa jina hilo mpaka bara Tabora na Ujiji, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa Marekani. Ikafika Unguja, ikapandishwa bara kununulia pembe za ndovu, na pembe zikaletwa pwani mabegani mwa wapagazi, wengine huru na wengine si huru. Tukiusifu mkataba kwa ustadi wake, na mimi nausifu, tusiisahau mikono iliyoujaza.

SEHEMU YA NNE: KUPWELEWA MASIRA

Roberts alifika kwao mwaka 1834. Baada ya Seneti kuridhia mikataba yote miwili alitumwa tena kwenda kubadilishana hati, safari hii kwa heshima yake kamili, na akapewa jukumu la ziada la kujaribu Vietnam tena na kisha Japani. Aprili 1835 Peacock iliondoka ikiwa na manowari ndogo Enterprise, chini ya Komodoo Edmund Kennedy.

Mwanzoni mwa Septemba walikuwa Unguja kwa siku chache. Daktari wa meli, Ruschenberger, ambaye naye baadaye aliandika kitabu cha safari ile, ametuachia maelezo mazuri ya mji wa wakati huo. Kisha wakapanda kaskazini kuelekea Maskati, na usiku wa manane wa tarehe 21 Septemba, karibu na kisiwa cha Masira katika pwani ya Omani, Peacock ikapanda mwamba wa matumbawe ikakwama. Palipokucha majahazi ya Mabedui yalikuwa yamekwisha kusogea, watu wenye silaha wakiangalia chombo kikilala upande. Ili kuipunguza uzito, mabaharia walianza kutupa vitu baharini, na mizinga ikiwamo.

Roberts, mtu wa miaka 51 asiye baharia wa jeshi, alijitolea kuchukua mashua ndogo pamoja na ofisa kijana aitwaye Taylor na mabaharia wachache, waende Maskati kuomba msaada. Jahazi liliwafukuza kwa masaa walipotoka. Walikaa katika ile mashua siku nne na ushei, juani mchana kutwa, mawimbi yakiwajaa, mpaka wakaingia Maskati.

Sayyid Said hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliamuru kimoja cha vyombo vyake kitweke mara moja na kupeleka maji na chakula, na akawapelekea watu wa pwani ile onyo kwamba maisha ya kila Mmarekani yako dhamanani mwao. Peacock ilikuwa imefaulu kujinasua yenyewe kabla msaada haujafika, wakakutana na chombo cha Sultani njiani. Ile mizinga iliyotupwa Said aliifanya itafutwe chini ya maji, ikaopolewa na kurudishwa kwa Marekani bila kudai hata senti. Tarehe 30 Septemba hati za mkataba zikabadilishwa, mkononi mwa mtu ambaye siku chache tu nyuma kifungu cha tano kilikuwa kimemfaa yeye mwenyewe.

SEHEMU YA TANO: MWISHO WAKE NA KITABU CHAKE

Kutoka Maskati walikwenda Bombay, Colombo, Batavia, kisha Bangkok ambako hati za Siam zilibadilishwa Aprili 1836. Lakini maradhi yalikuwa yamekwisha kuingia katika vyombo vyote viwili. Walipofika pwani ya Vietnam mwezi Mei, Roberts hakuwa tena na nguvu ya kubishana na maofisa kuhusu vyeo na mikono iliyoinuliwa. Mazungumzo yaliachwa, wakakimbilia Macau, na huko akafariki tarehe 12 Juni 1836. Hakuwa ametimiza miaka 52. Japani hakuiona, ilibaki kwa Komodoo Perry wa Marekani, karibu miaka 20 baadaye.

Mdau ameuliza: *Kitabu chake kinafaa kusomwa na sisi, au ni yale yale ya wasafiri wa Kizungu?*

Mkuu, nitakujibu kwa uaminifu. Kitabu kilitoka New York mwaka 1837, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kikieleza safari ya kwanza katika mabaraza ya Vietnam, Siam na Maskati. Kuna kurasa zitakazokuudhi. Watu wa Vietnam anawaita wachafu na wasioaminika kwa maneno makali, na mara nyingi anaandika kama mtu ambaye hana shaka kwamba ustaarabu una anwani moja tu. Hilo lisitushangaze wala tusilifiche.

Lakini anapofika Maskati kalamu inabadilika. Anamsifu Said kwa upole, ushujaa na kupenda haki, anahesabu manowari zake, anaandika mipaka ya dola yake na bidhaa za kila bandari kwa jicho la mtu aliyewahi kununua na kuuza katika bandari hizo. Ndiyo maana mimi hukiona kuwa ni kitabu cha mfanyabiashara kuliko cha balozi, na ndiyo maana kina manufaa kwetu. Balozi angetuandikia mapokezi na mavazi. Huyu anatuandikia ushuru, uzani, bei na nani anamdai nani. Nikimsoma pamoja na Ruschenberger, napata Unguja ya miaka ya 1830 ambayo siipati katika vitabu vya shule.

Jambo moja la mwisho, kwa aliyeuliza kuhusu Al-Sultana, merikebu ya Sayyid Said iliyokwenda Marekani. Ndiyo, safari ya nahodha Ahmad bin Na'aman aliyeingia New York tarehe 30 Aprili 1840 ni tunda la mlango huohuo. Roberts alikuwa amekwisha kufa miaka minne. Amezikwa Macau, katika makaburi ya zamani ya Waprotestanti, mbali sana na Portsmouth na mbali vilevile na forodha ya Unguja alikokaa akisubiri kulipwa.

Anayekuwa na habari za barua za Kiarabu za Sayyid Said kwa Marekani kutoka miaka hiyo, ninaomba aziweke hapa chini.